Baba Asiyesafiri: Motifu ya Safari na Uhusiano wa Baba na Mwana



Katika kipindi kimoja cha fasihi, hapa kisiwani Mfangano ninapofundisha, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu swali ambalo sote tumelizoea: "Fafanua sifa za baba aliyemtelekeza mwanawe." Majibu yalikuja haraka. Mtelekezaji. Mbinafsi. Katili. Asiyewajibika. Niliyaandika ubaoni moja baada ya jingine, na kila sifa ilikuwa na mfano wake. Nilikuwa karibu kufunga kitabu mvulana mmoja aliyeketi nyuma alipoinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "ikiwa huyu baba ni mbaya hivyo, mbona mwana anamtafuta?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Isitoshe, nilijua kwamba baba ya kijana huyo alikuwa amehamia kisiwa kingine kwa ajili ya uvuvi, na hakuwa ameonekana nyumbani kwa muda mrefu. Swali lake halikuwa la mtihani. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Swali tunaloliuliza vibaya

Aghalabu tunapofundisha wahusika tunawapanga katika mafungu mawili: wema na wabaya. Baba aliyeondoka anaingia fungu la pili, nasi tunaendelea na mhusika mwingine. Mpango huu una faida yake siku ya mtihani, kwani mtahini anataka sifa na ithibati. Hata hivyo, unatuficha jambo moja. Katika hadithi nyingi za baba na mwana waliotengana, mwandishi hatuachi tuhukumu na kuondoka. Anamfunga mwana viatu na kumtia njiani. Kama lengo lake lingekuwa kutuonyesha ubaya wa baba pekee, safari ingekuwa ya nini? Angelimwacha mwana nyumbani alaani.

Kwa hiyo napendekeza tubadilishe swali. Pamoja na kuuliza "Baba huyu ni mtu wa aina gani?", tuulize pia: "Nani anasafiri? Nani ameketi? Na ni nini kinachosemwa njiani ambacho hakingesemwa nyumbani?"

Kwa nini njiani?

Mandhari ya nyumbani si kitu kitupu. Kwetu huku ziwani, miongoni mwa Waluo na Wasuba, mvulana anapokomaa hujengewa au hujijengea simba, yaani kibanda chake, karibu na lango la boma. Baba ana nyumba yake, ana kiti chake, na ana mahali anapopokelea salamu. Mwana anapotaka kuzungumza naye, humwendea pale alipoketi. Baba anasikiliza kama anayeamua kesi. Maneno ya mwana yanageuka kuwa ombi au utetezi, hata pale ambapo alitaka kuuliza tu.

Chomboni au garini mambo ni mengine. Anayevuka kutoka Sena kwenda Mbita kwa mashua hana kiti cha heshima. Ubao ni mmoja, na maji yakiruka yanawalowesha wote. Katika matatu, baba na mwana huketi bega kwa bega wakitazama upande mmoja. Hakuna anayelazimika kumkazia mwenzake macho. Naamini hii ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wasanii wa tamaduni nyingi waipende safari: njia huwaondoa watu katika viti vyao. Tulipime dai hili kwa mifano.

Liyongo: safari ya kutumwa

Tuanze na mfano ambao kila mtahiniwa wa fasihi simulizi anaufahamu. Fumo Liyongo ni shujaa wa mighani wa Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Kisa chake kilipokewa kwa mdomo kwa vizazi vingi kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kukitungia utenzi mnamo 1913. Tunakumbuka kwamba mtawala wa Pate alimwogopa Liyongo na kwamba silaha za kawaida hazikumdhuru. Tunakumbuka pia kuwa mwanawe aliahidiwa makuu akitambua siri ya kumuua baba. Mwana alikwenda kwa baba, akaipata siri hiyo, akarudi Pate kuipeleka, kisha akarejea na sindano ya shaba na kumchoma baba kitovuni akiwa usingizini.

Tukiuliza sifa za mwana, jibu ni jepesi: msaliti, mwenye tamaa. Tukiuliza habari ya safari, tunapata zaidi. Mwana huyu anasafiri mara kadhaa, lakini hakuna hata safari moja iliyo yake. Anatumwa. Njia anayoipita ni ya mtawala, na swali analolibeba ni la mtawala. Anapomfikia baba, anamkuta pale pale alipo. Kinaya kikubwa ni kwamba baba anashuku kuwa mwana amedanganywa, na hata hivyo anamwambia ukweli. Je, kwa nini anamwambia? Wengi hujibu kwamba ni upendo wa mzazi au ujasiri wa shujaa. Yote mawili yanakubalika. Mimi ningeongeza: Liyongo alikuwa na mwana mbele yake, akiuliza habari zake kwa karibu, na huenda baba akapendelea kuulizwa kwa hila kuliko kutoulizwa kabisa. Huo ni ufasiri wangu. Mwanafunzi ana haki ya kuupinga kwa ithibati.

Hebu tulinganishe na Waajemi. Katika Shahnameh, utenzi wa Firdausi, Rostam na mwanawe Sohrab wanakutana vitani bila kufahamiana, na baba ndiye anayemuua mwana. Liyongo anauawa na anayemjua; Sohrab anauawa na asiyemjua. Katika visa vyote viwili, wawili hawa walikutana kwa shughuli ya watu wengine.

Siku Njema: barabara kama mlezi

Mfano wa pili ni riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa na Longhorn mwaka 1996. Hata kama si miongoni mwa vitabu teule unavyojiandaa kutahiniwa, isome. Msimulizi ni Kongowea Mswahili, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza. Analelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab. Baada ya kifo cha mama, kijana anaishi kwa tabu, na hatimaye anauvuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba ambaye hakumlea, katika safari inayompeleka hadi Kitale.

Tazama jinsi ramani yenyewe inavyofanya kazi. Kutoka Tanga hadi Kitale ni kutoka bahari hadi nyanda za juu, kutoka nchi moja hadi nyingine, kutoka mahali ambapo kila mtu anaijua sauti ya mama hadi mahali ambapo hakuna anayemjua mwana. Katika umbali huo, kijana anawategemea watu asiowajua. Wapo wanaomdhulumu, wapo wanaomsitiri. Mtahiniwa asiyekuwa makini huyaona haya kama matukio ya kujaza kurasa. Sivyo. Methali husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Ikiwa kulea ndiyo kazi, basi barabara imeifanya sehemu kubwa ya kazi ambayo baba hakuifanya. Kongowea anayefika mwisho wa safari si yule aliyeondoka Tanga. Hahitaji tena kulishwa. Anahitaji kujua.

Hapo ndipo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu linapopatikana. Mwana hamtafuti baba kwa sababu baba ni mwema. Anamtafuta kwa sababu nusu ya hadithi yake mwenyewe imebaki kwa mtu huyo. Unaweza kumlaumu mtu na bado ukahitaji ufunguo ulio mfukoni mwake.

Simalizi kisa hapa kwa makusudi. Ila utakapofika kwenye kurasa za mwisho, jiulize kama kukutana na kupatana ni kitu kimoja. Walibora, aliyefariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, aliiita tawasifu yake Nasikia Sauti ya Mama. Mwandishi aliyempeleka kijana wa kubuni kote huko kumtafuta baba, alipoandika maisha yake mwenyewe aliweka sauti ya mama kwenye jalada. Sisemi kwamba riwaya ni maisha yake. Tuwe waangalifu na kosa hilo. Nasema tu kwamba majina haya mawili yanafaa kusomwa pamoja.

Kutoka Kendu Bay hadi Honolulu

Mfano wa tatu si wa Kiswahili, lakini umeanzia katika kaunti yetu ya Homa Bay. Ukishuka kwenye mashua Mbita, ukapita mji wa Homa Bay na kuifuata barabara ya kuelekea Kisumu, utafika Kendu Bay. Maeneo hayo ndiyo asili ya Hussein Onyango Obama, aliyehamia baadaye Kogelo, Siaya. Mjukuu wake, Barack Obama, alichapisha tawasifu iitwayo Dreams from My Father mwaka 1995, miaka mingi kabla ya kuchaguliwa rais wa Marekani mwaka 2008.

Kitabu hicho kinasimulia utengano wa vizazi viwili. Baba yake Barack, akiwa mtoto, alitoroka Kogelo pamoja na dada yake mkubwa, wakatembea kwa miguu kumtafuta mama yao aliyekuwa amerudi kwao upande wa Kendu Bay. Baadaye, alipofukuzwa shule ya Maseno, Onyango alimwadhibu na kumtuma Mombasa akafanye kazi. Mtoto huyo akakua, akaenda kusoma Hawaii, akazaa mwana, na yeye mwenyewe akamwacha akiwa mdogo. Walikuja kuonana mara moja tu, mwishoni mwa mwaka 1971, baba alipowatembelea Honolulu. Mwana alikuwa na umri wa miaka kumi. Baba alifariki mwaka 1982 katika ajali ya barabarani jijini Nairobi.

Naomba tuitazame ziara hiyo ya 1971 kwa makini, kwa sababu inalipima dai langu kuhusu viti. Huyu ni baba aliyesafiri! Amevuka bahari mbili kumwona mwanawe. Mbona basi haikutosha? Kwa sababu alipofika aliketi. Jioni moja mwana alitaka kutazama filamu ya katuni ya Krismasi kwenye runinga; baba akamwamuru aizime akasome; watu wazima wakagombana, na mtoto akaanza kuhesabu siku za mgeni kuondoka. Safari ya baba ilikuwa imeishia mlangoni. Ndani ya nyumba alirudi kuwa hakimu, tena hakimu wa kesi asizozijua. Lakini karibu na kuondoka alitoa santuri mbili za muziki wa Kiafrika, akaziweka, akaanza kucheza, akamwita mwana ajifunze. Hapo hakuna aliyeketi. Ni tukio dogo sana, lakini mwandishi alilikumbuka hadi alipokuwa mtu mzima.

Kabla ya kujiunga na Harvard kusomea sheria mwaka 1988, mwana alikuja Kenya. Alipanda garimoshi kutoka Nairobi hadi Kisumu pamoja na jamaa zake, kisha matatu hadi Kogelo. Huko alisimuliwa habari za baba na babu na Mama Sarah, mke wa Onyango. Mama Sarah alizungumza Kidholuo, na dada yake Barack, Auma, akatafsiri. Kisha mwana aliketi kati ya makaburi mawili akalia.

Tunaona kwamba upatanisho ulikuja baba akiwa hayupo. Ulikuja kwa njia ya sauti za watu wengine na kwa lugha ambayo mwana hakuijua. Jambo hili linapaswa kutugusa sisi wa Mfangano. Wazee wetu wapo wanaoongea Kisuba, na watoto wao wanaongea Kidholuo. Shuleni tunawaongezea Kiswahili na Kiingereza. Mwana anaweza kuishi hatua ishirini kutoka kwa nyumba ya baba na bado akahitaji mkalimani.

Baba ameketi mwisho wa njia

Tuiweke mifano hii pamoja. Mwana wa Liyongo anasafiri, baba anamngoja. Kongowea anasafiri, baba yuko mwisho wa barabara. Barack anasafiri, baba yuko kaburini. Katika mifano yote mitatu, mwana anapofunga safari baba hatoki alipo. Amekuwa kama kituo cha basi: mtu anafika kwake, lakini hasafiri naye. Hata pale baba alipovuka bahari, aligeuka kuwa kituo mara tu alipoingia nyumbani.

Kuna kisa kinachokwenda kinyume. Katika Odyssey ya Homer, Telemachus anaondoka Ithaca kuulizia habari za baba yake, Odysseus, na wakati huo huo baba naye yuko njiani akirudi. Hawakutani katika jumba la kifalme. Wanakutana katika kibanda cha mchunga nguruwe, mahali pasipo na kiti cha mmoja wao, wote wawili wakiwa wametoka safarini. Wanalia, kisha wanapanga kazi ya kufanya pamoja. Naamini si sadfa kwamba kupatana kwao kunakamilika upesi.

Nitasema jambo moja langu, kisha nirudi kwenye fasihi. Baba yangu nami tuliishi miaka kadhaa bila kuzungumza zaidi ya salamu. Sababu zilikuwa za kawaida: karo iliyokosekana, maneno yaliyosemwa matangani, kiburi cha pande zote. Siku moja alihitaji kupelekwa hospitali ya mbali, na zamu ikaniangukia. Tulivuka alfajiri, tukapanda matatu Mbita. Kwa saa nzima hatukusema kitu. Kisha, akiwa anatazama nje dirishani, alianza kunieleza jinsi wavu wake ulivyoibwa ziwani mwaka niliokuwa Kidato cha Pili. Hakuniomba msamaha. Hakunitazama. Lakini ule ndio mwaka niliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba alikunywa pesa zile. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akajibu: "Ungeniuliza, mwanangu."

Kweli sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimemwandikia sifa zake ubaoni na kufunga kitabu.

Haina maana kwamba kila baba aliyeondoka alikuwa na wavu ulioibwa. Wapo waliokunywa pesa kweli, na mwana hana deni la kuwasamehe. Fasihi haimlazimishi mtu kupatana. Inamlazimisha kusikia kabla ya kukata shauri, na hiyo ni kazi tofauti.

Kwa mtahiniwa

Ukikutana na safari katika riwaya, tamthilia au hadithi fupi, usiisimulie tu. Fanya haya yafuatayo:

Kwanza, taja aliyesafiri na aliyebaki, kisha ueleze jinsi tofauti hiyo inavyoonyesha nani mwenye mamlaka.

Pili, tofautisha safari ya hiari na safari ya kutumwa. Mwana wa Liyongo na Kongowea wote wanamwendea baba, lakini dhamira zao haziwezi kuwekwa kapu moja.

Tatu, linganisha mhusika alipoondoka na alipofika. Hapo ndipo utapata hoja za ukuaji wa mhusika, na kila hoja uithibitishe kwa tukio.

Nne, chunguza lugha ya mkutano. Nani anaanza kusema? Nani ananyamaza? Je, kuna mkalimani?

Tano, unapotoa sifa ya baba, usiishie kwenye neno moja. "Mtelekezaji" ni sifa. Kwamba alitelekeza na bado anatafutwa ni hoja yenye uzito zaidi.

Kwa mwalimu

Tunapowapa wanafunzi insha ya safari, tumezoea kupokea mwana anayekwenda mjini, anayepata taabu, anayerudi akiwa amejuta. Jaribu kuwaagiza waandike safari ambamo baba na mwana wamepanda chombo kimoja. Mimi nilijaribu. Nyingi za insha zilikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi, lakini hapakuwa na hata moja iliyonakiliwa kutoka kitabu cha marudio. Yule mvulana wa nyuma aliandika kuhusu mashua inayotoka kisiwa kimoja kwenda kingine usiku, taa za wavuvi wa omena zikionekana kwa mbali, na baba anayemwonyesha mwana jinsi ya kulishika kasia. Hakuna aliyeomba msamaha katika insha hiyo. Walifika tu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezoea kuieleza methali hii kama onyo kwa mwana mtoro. Lakini ndani ya chombo, tezi, omo na ngama ni vya wote wawili. Baba naye huenda tezi na omo, na pengine naye anatafuta njia ya kurejea.

Maswali ya kujipima

1. "Safari ya mwana ni safari ya kujitafuta mwenyewe." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea kazi yoyote ya fasihi uliyoisoma. (alama 20)

2. Eleza tofauti kati ya dhamira ya mwana wa Fumo Liyongo na dhamira ya Kongowea Mswahili katika kumwendea baba. (alama 10)

3. Tunga kisa kifupi kuhusu baba na mwana waliosafiri pamoja. Baba ndiye aanze kuzungumza. (alama 20)